Saa tatu za kwanza baada ya ajali



Nimepewa dakika chache za kuzungumzia afya, nami nimechagua dawa moja tu. Inaitwa asidi ya traneksamiki. Wakunga mlio hapa mnaifahamu kwa kina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Leo naizungumzia kwa majeruhi: kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori pale Bwanga, mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi, mvuvi wa Muganza aliyekatwa na propela ya injini.

Mtu akiumia, damu huganda na kuziba jeraha. Lakini mwili huohuo una kitu kinachoyeyusha mabonge hayo, na kwa aliyeumia vibaya kazi hiyo huanza mapema mno. Dawa hii huizuia, bonge likabaki mahali pake. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, waliotangaza kazi yao mwaka 1962. Mwaka 2010 utafiti wa majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulionyesha kuwa inapunguza vifo, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa majeruhi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ikitolewa ndani ya saa moja, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi. Baada ya hapo kila dakika 15 za kuchelewa hula karibu asilimia 10 ya faida yake. Zikipita saa tatu haisaidii tena. Katika utafiti ule, waliochelewa kuipata walikufa kwa kuvuja damu kuliko hata wasiopewa kabisa.

Tunalo daraja la Kigongo–Busisi tangu Juni 2025, na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda tunayo hapa hapa Chato. Tunashukuru. Lakini kwa majeruhi wa Nyamirembe, usiku wa mvua, saa ya kwanza inaisha watu wangali wanatafuta usafiri.

Ndiyo maana, kwa heshima zote, natofautiana na waliopendekeza fedha zote za mwaka huu ziende kwenye gari la wagonjwa. Gari likiwa Buseresere haliko Muganza. Dawa hii ni vichupa vidogo, haihitaji friji, na bei yake si kubwa. Ikae pale majeruhi anapofikishwa kwanza, pamoja na bandeji, dripu na mtumishi aliyefundishwa. Mtu mzima hupewa gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, kisha gramu nyingine kwa dripu ya saa 8, ambayo anaweza kuendelea nayo njiani. Si dawa ya kuuziana dukani, ni kazi ya mtaalamu. Wala haichukui nafasi ya upasuaji au ya damu ya kuongezewa. Inamwezesha mtu kuvifikia angali hai. (Kwa hiyo wachangia damu, msidhani nimewapa likizo.)

Na sisi tusio wataalamu? Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie ili kuchungulia. Tazama saa ajali ilipotokea, umwambie mganga, maana bila kuijua atakuwa anabahatisha. Habari ya PF3: mmoja aende polisi, wengine wamkimbize majeruhi kituoni. Msizunguke naye.

Ombi langu kwa kamati: kabla ya kununua chochote, tukae na Mganga Mkuu wa Wilaya tujue zahanati zipi zinayo dawa hii, zipi hazina, na watumishi wangapi wamefundishwa kuitumia. Tununue kwa utaratibu wake, tusije tukajaza makabati dawa zikaisha muda wake humo. Kitakachobaki kiwe akiba ya gari. Karatasi za ahadi ziko kwa mhazini, meza ya mlangoni.