Sungura Naye Analindwa na Sheria



Wapo wasemao kuwa sungura ni kitoweo cha bure. Sivyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyoitangulia, inamtaka mwindaji awe na leseni, na inakataza kutumia mitego, mbwa au moto bila idhini. Sababu iko wazi: kitanzi hakimbagui jike mwenye mimba, na moto wa kumfurusha sungura mmoja huweza kuteketeza malisho ya kijiji kizima.

Mtumishi anunuaye nyama hiyo kwa siri hana kinywa cha kumkemea mtoto aliyetega. Tusimulie ujanja wa sungura darasani, lakini tufundishe pia haki yake porini.