Cheo ni Dhamana

Hivi karibuni nilikuwa Nyegina, karibu na mji wa Musoma, nikazungumza na mwalimu mmoja aliyepandishwa cheo mwaka huu kuwa mwalimu mkuu. Nilipompa hongera, aliinamisha kichwa. "Naona kama barua ile ilikosea njia," alisema. "Kila asubuhi naingia ofisini kama mwizi. Nangoja tu siku watakayogundua kuwa mimi si mtu wa kazi hii."

Katika shule hiyo wamo walimu wawili waliomfundisha yeye mwenyewe kusoma. Asubuhi anawapa shikamoo, na saa nne anatakiwa kukagua maandalio yao ya masomo. Anaona haya, hakagui. Kitabu cha fedha hakielewi vizuri, lakini anaogopa kuuliza asije akaonekana hajui. Kwa hiyo kamati ya shule hajaiita muhula mzima, na wazazi wameanza kunong'ona kuhusu fedha zao.

Ndugu Wasikilizaji, hofu hiyo si ya mwalimu huyu peke yake. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini, lakini mioyoni mwao wakijiona wadanganyifu.

Na sisi tunayo historia yetu. Nyegina ndiko alikobatizwa Mwalimu Nyerere mwaka 1943. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Mwalimu aliacha Uwaziri Mkuu ili akaimarishe TANU. Kazi ile akakabidhiwa Rashidi Kawawa, mtu wa miaka 35, aliyewahi kuwa karani wa serikali na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Shahada ya chuo kikuu hakuwa nayo. Hebu fikirini kukalia kiti alichoinuka Nyerere! Lakini kiti kile hakikumtaka Kawawa awe Nyerere. Kilimtaka afanye kazi. Akaifanya, na Desemba mwaka ule ule Tanganyika ikawa Jamhuri.

Wanachama wa TANU walikuwa na ahadi zao. Mojawapo ilisema cheo ni dhamana. Tunalikariri neno hilo kuwaonya wenye majivuno, lakini linamfaa pia mwenye hofu. Dhamana ni mali ya wengine uliyokabidhiwa uitunze. Aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani halali akijiuliza kama anastahili kuwa na ng'ombe. Anauliza kama wamekunywa maji, kama zizi limefungwa. Basi mwalimu wetu naye aache kujiuliza, "Je, mimi nafaa?" Aulize, "Je, watoto wanasoma? Je, hesabu za fedha ziko wazi?"

Ahadi nyingine ilikuwa ya kujielimisha. Maana yake ni kwamba aliyepewa kazi hakutazamiwa awe anajua kila kitu. Kutojua kitabu cha fedha si udanganyifu. Udanganyifu ni kukificha kabatini. Kuuliza si ujinga, na mhasibu wa halmashauri hatamcheka.

Na wale walimu wazee? Shikamoo iendelee, ni haki yao. Ikiisha, aseme: "Mwalimu, naomba andalio lako." Heshima haizuii kazi. Waliomfundisha kusoma ndio wa kwanza kujua kwamba anaweza.

Nasi tulio pembeni tuna wajibu wetu. Tusimpe mtu barua ya uteuzi leo, kisha tukakaa tukingoja ateleze. Mgeni wa kazi huelekezwa njia.

Nilipoagana na mwalimu yule, alikuwa ameshika kalamu, anaandika tarehe ya mkutano wa kamati. Mkono ulitetemeka kidogo. Lakini tarehe iliandikwa.