Kabla Mabati Hayajazungushwa



Nianze na swali. Ukishuka matatu pale mjini Mombasa ukatembea kwa miguu, unazipita ploti ngapi za serikali zisizo na shughuli? Nyumba ya afisa wa zamani, paa limeingia ndani, wapangaji ni popo. Ofisi ya ghorofa, chini askari mmoja na makabati ya faili, juu kufuli. Yadi imejaa magari ya GK yaliyoota majani. Tumezoea, tunapita tu. Na wewe unayepita umepanga chumba kule Kisauni, na nauli inakula mshahara kabla hujaushika.

Sasa sikilizeni vizuri, manake tukiuliza habari ya ardhi kuna watu wanatuita wapinga maendeleo. Mimi nataka hizo ploti zijengwe. Gofu halimfaidi mtu yeyote. Ninachokataa ni sisi kuwa wa mwisho kuambiwa.

Na jengo la serikali kubadilishwa kazi si jambo geni. Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, leo ni makumbusho. Nairobi, pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue, kuna jengo la 1913. Ilikuwa ofisi ya serikali, watu wakienda kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo ni ukumbi wa sanaa, unalipa kiingilio unaingia. Na Park Road, Ngara, ardhi ya serikali karibu kabisa na katikati ya jiji imetoa nyumba 1,370. Kwa hivyo inawezekana.

Lakini kuna njia nyingine, na hiyo ndiyo tunayoijua zaidi. Nyumba inaachwa bila kutengenezwa miaka na miaka. Halafu inaitwa gofu. Likishaitwa gofu, mtu anapewa hati. Tume ya Ndung'u ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na ilikadiria hati kama 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria au utaratibu. Nyingine ni za ploti za mijini, nyumba za serikali, hata nafasi za barabara. Yaani ule uchakavu unaouona ukipita, wakati mwingine ni mtu anasubiri zamu yake.

Hapa kwetu mnakumbuka Buxton. Nyumba za zamani za kaunti zilibomolewa, maghorofa yakasimama. Wapangaji walikwenda mahakamani, na mwisho ujenzi ukaendelea. Kuna wanaosema mtaa umependeza, na kweli umependeza. Mimi nauliza swali la mama aliyelea watoto mle kwa kodi ya kaunti: nyumba mpya ni shilingi ngapi, na zamu yake iko wapi? Swali hilo linajibika kwa urahisi zaidi likiulizwa kabla tingatinga halijawasha injini.

Niwape yangu kidogo. Kuna mkutano mmoja wa maoni ya wananchi nilihudhuria, ofisi siitaji. Notisi ilibandikwa ubaoni Ijumaa jioni, mkutano Jumatatu saa tatu asubuhi. Tumefika, picha ya mjengo iko ukutani, rangi zimeshachaguliwa! Tukapewa soda na karatasi ya kutia sahihi ya mahudhurio. Mzee mmoja akauliza, "Na sisi wa vibanda tutakwenda wapi?" Akaambiwa limeandikwa. Mimi pia nikatia sahihi. Hadi leo inaniuma, kwa sababu jina langu liko kwenye faili kama mtu aliyeshirikishwa.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutangulia. Katiba, kifungu cha 62, inasema ardhi ya umma inashikwa kwa niaba yetu. Ikiwa ni ya kaunti, ni amana ya wakaazi wa kaunti. Ikiwa ni ya serikali ya taifa, ni amana ya Wakenya wote. Aliyeshika amana ukimuuliza hesabu hujamtukana. Na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaandika barua kwa Kiswahili, sheria imeruhusu. Si lazima useme unaitakia nini. Kuipeleka hulipi, labda watakutoza za kunakili makaratasi. Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kuongeza 14 mara moja tu. Wakikunyamazia, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Uulize nini? Ploti hii ni ya nani, namba yake ngapi? Kuna mtu amepewa hati au mkataba wa kukodi, kwa miaka mingapi? Ikiwa kuna mwekezaji, kaunti inabaki na nini, na nyumba ngapi ni za mtu wa kipato cha chini? Hilo la mwisho msikubali kujibiwa kwa maneno, idadi iandikwe.

Jumamosi hii baada ya Adhuhuri tunakutana Treasury Square, tunazunguka mjini kwa miguu. Kila mtu achague ploti moja iliyolala, apige picha, aandike ipo kando ya nini. Njooni na kalamu, na viatu vya kutembea, jua ni kali. Jumapili tunakaa tunaandika barua. Jumatatu asubuhi tunazipeleka wenyewe kwa mkono, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hujatoka mlangoni.