Ifunge Kamba Kungali na Nuru



Somo letu la leo ni Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, mistari ya 19 na 20. Hapo tumaini letu linafananishwa na nanga, naye Yesu anaitwa mtangulizi wetu. Twataka kulitazama neno hili kwa mfano wa watu ambao hatuwaoni hapa Kabuchai: wale wanaojifunza kupiga mbizi ndani ya mapango yenye maji.

Sisi tu watu wa mahindi na miwa, na bahari iko mbali nasi. Lakini mapango twayajua. Katika Mlima Elgon, ambao wazee wetu huuita Masaba, liko pango la Kitum, lililoingia mlimani karibu mita 200. Ndovu huingia humo usiku kutafuta chumvi ya kuta zake, wakipapasa njia gizani kwa mikonga. Basi tuwaze pango kama hilo likiwa limejaa maji mpaka juu. Mapango ya namna hiyo yako Florida, huko Marekani, na Yucatán, huko Mexico. Watu wengi hutumia likizo yao kwenda huko kujifunza kuyaingia, na wakifaulu hupewa cheti.

Baharini, mzamiaji akipata shida hutazama juu, akapanda polepole mpaka kwenye hewa. Pangoni, juu yake ni mwamba. Hana budi kurudi kwa mlango ule ule alioingilia. Kwa hiyo mwanafunzi wa hatua ya kwanza huwekewa mpaka: asipite mahali ambapo nuru ya mchana kutoka mlangoni bado yaonekana.

Tena hufundishwa mambo matatu. La kwanza ni kamba. Huifunga nje, penye maji ya wazi, kisha huikunjua kadiri anavyoingia. La pili ni hewa. Huigawa mafungu matatu: fungu moja la kuingia, moja la kutoka, na la tatu huliweka akiba kwa ajili ya hatari, hasa mwenzake akiishiwa. La tatu ni kupiga miguu kwa utaratibu, kwa maana chini kuna tope laini kama unga. Likitibuliwa, mtu hauoni hata mkono wake mwenyewe. Hapo macho hayafai tena; hutoka kwa kuifuata kamba kwa vidole. Ndiyo sababu wanafunzi huanza nchi kavu, kamba imezungushwa mitini, nao wakitembea wamefumba macho.

Huko Florida, penye mapango mengi, kuna kibao cha onyo. Chasema kwamba zaidi ya watu 300 wamekufa katika mapango kama hayo, na wengine wao walikuwa walimu wa kupiga mbizi. Hao hawakukosa ujuzi wa kuogelea. Waliochunguza ajali hizo waliona makosa yale yale mara nyingi: hapakuwa na kamba ifikayo mlangoni, au hewa ya kurudia haikuachwa.

Ndugu zangu, likizo ni majira ya milango mingi. Watoto wamerudi kutoka shuleni, vijana wamekuja kutoka Nairobi na Eldoret, na mifukoni mna fedha kidogo. Kijana asema, "Nitaonja tu, nikitaka kutoka nitatoka." Baba akopa kwa ajili ya sherehe, na karo ya Januari haina fungu. Mlangoni hapana giza. Ndiyo maana hatuogopi. Tuulizane basi, kabla hatujaingia: kamba yetu imefungwa wapi?

Lakini si kila giza huletwa na dhambi. Yuko mama aliyekaa usiku kucha kando ya kitanda cha mtoto wake hospitalini. Maji yametibuka, wala si kwa miguu yake. Mama huyo akiwa amezoea kuomba kila asubuhi jikoni, wakati mambo yalipokuwa shwari, vidole vyake huijua kamba hata macho yakijaa machozi. Kwa hiyo tusome Neno na kuomba pamoja nyumbani kungali na nuru. Na lile fungu la tatu tusilile peke yetu. Jirani aweza kuishiwa pumzi usiku huu.

Je, yule aliyekwisha kuingia bila kamba? Tarehe 23 Juni 2018, huko Thailand, wavulana 12 na kocha wao waliingia katika pango la Tham Luang kwa miguu. Mvua ikanyesha, maji yakafunga njia nyuma yao. Hawakuweza kujiokoa. Wazamiaji walikwenda wakiweka kamba mpaka walipowakuta tarehe 2 Julai, na kufikia tarehe 10 wote 13 walikuwa wametolewa. Lakini Saman Kunan, aliyewapelekea mitungi ya hewa, aliishiwa pumzi njiani akafa.

Wapenzi, katika kupiga mbizi pangoni, mwenye kushika kamba huingia wa kwanza, na hutoka wa mwisho. Huyo ndiye mtangulizi. Yesu aliingia katika giza la kaburi letu, siku ya tatu akatoka hai, na kamba yake imefungwa mbinguni, nje ya kila giza. Yona aliomba akiwa tumboni mwa samaki, akasikiwa. Wewe uliye ndani kabisa usiku huu, nyosha mkono. Yuko karibu, wala hatatoka akuache.

Na tuombe. Ee Bwana, utufundishe kushikamana nawe mchana, tusikupoteze usiku. Uwafikie waliopotea, ukatufanye tayari kuwapa wenzetu fungu lao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.