Damu ya Paja

Marehemu amekutwa chumbani. Pembeni, chupa ya pombe na pakiti ya vidonge. Taarifa huishia hapo, na mtaani hukumu imeshatoka. Maabara haina haraka hiyo.

Chukua amitriptilini, dawa ya sonona ya miaka mingi, ya bei nafuu, inayotolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Hupenda mafuta, hujikusanya kwenye ini na mapafu. Mtu akishakufa, huvuja humo na kuingia kwenye damu ya moyoni. Sampuli ya moyo ikichukuliwa saa kadhaa baadaye yaweza kuonyesha kiwango cha kutisha kwa mtu aliyemeza dozi yake ya kawaida tu. Ndiyo maana mchunguzi makini huchoma sindano kwenye mshipa mkubwa wa paja, mbali na viungo hivyo.

Pombe nayo ina ujanja wake. Maiti ikikaa kwenye joto, bakteria hupika pombe wenyewe. Asiyeonja hata togwa ataitwa mlevi! Hivyo hupimwa pia majimaji ya ndani ya jicho, ambako bakteria huchelewa kufika, na kichupa cha damu hutiwa floridi ya sodiamu kuwazuia.

Dawa na pombe vikithibitika vyote viwili, picha hubadilika. Pamoja hulegeza ubongo hadi pumzi inapungua, huku dawa ikivuruga mapigo ya moyo. Kiwango ambacho kimoja peke yake kisingeua, huenda kikaua kikiwa na mwenzake.

Kama ni kusudi au bahati mbaya, kichupa hakisemi. Hapo huulizwa ndugu, na huhesabiwa vidonge vilivyobaki kwenye pakiti.