Jicho lajua fungu, halijui nyanya

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilikuwa Bugarama, wilayani Kahama, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Asubuhi niliingia sokoni kununua nyanya. Mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya gunia, yote bei moja. Nikapita mbele yake mara moja tu, nikanyoosha kidole.

"Hilo la nne, mama."

Akacheka. "Kaka, hata hujayatazama!"

Nilikuwa nimeyatazama. Nyanya za fungu lile zilikuwa kubwa kuliko za mafungu mengine, na hilo nililiona kabla sijasimama. Lakini kama mama yule angeniuliza nyanya ya pembeni ilikuwa na ukubwa gani, ningeumbuka.

Mwaka 2001 mtafiti Dan Ariely, huko Marekani, alieleza jambo hilo hilo. Aliwaonyesha watu kundi la miduara ya ukubwa mbalimbali kwa muda mfupi, kisha akaiondoa. Alipowaonyesha mduara mmoja na kuwauliza kama ulikuwamo, walibahatisha. Alipowauliza kama ni mkubwa au mdogo kuliko wastani wa ile waliyoiona, walijibu vizuri. Waliomfuata wakaona kwamba hata nyuso za watu tunazisoma hivyo: ukitupia macho kundi, unatambua kama kwa jumla lina furaha au lina hasira.

Hii ni neema. Mgeni anayepita njiani akiona kundi la ng'ombe atasema wamekonda, bila kumhesabu hata mmoja. Ila ni mchungaji tu, anayemjua kila ng'ombe, atakayekuambia yupi hayupo.

Taabu ni kwamba jicho hupata wastani wa kile linachokiona. Nilipofika nilikofikia nikaligeuza fungu langu: nyanya za chini zilikuwa ndogo, na mbili zimeoza. Nikacheka. Nyanya mbili hazimfilisi mtu.

Sasa lipeleke jicho hilo kwenye duara la mchimbaji mdogo. Mnunuzi anatazama rundo la viroba vya mawe, anasema, "Haya ni ya kawaida tu," anataja bei. Ukubwa wa mawe na rangi yake jicho laweza kukadiria. Dhahabu iliyomo ndani mara nyingi haionekani kabisa, maana huwa ni gramu chache katika tani nzima. Kiroba kimoja chaweza kubeba mali kuliko kumi vya jirani yake. Mchimbaji mwenye njaa anaitikia, na jasho la majuma mengi linauzwa kwa mtazamo wa dakika moja.

Wakubwa hawauziani hivyo. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiwa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilichukua sampuli, na mwezi Mei ikataja wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa kila tani. Kampuni ya Acacia ikakanusha. Nchi nzima ilibishana juu ya neno moja, wastani, lakini hakuna upande uliosema, "Nimetazama kwa macho, inatosha." Wote walizungumza kwa vipimo.

Tangu mwaka 2019 tunayo masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita, na humo dhahabu hupimwa. Lakini mali inayouzwa ikiwa bado jiwe, mzani huo haujaifikia.

Kwa hiyo, ndugu yangu mchimbaji, kabla hujaitikia bei, chota kidogo katika kila kiroba, si cha juu peke yake. Changanya, saga, osha kwenye karai, mnunuzi akiwa anaona. Akikataa kusubiri, jiulize anaharakia nini. Nasi wa mjini, tuligeuze fungu kabla ya kulipa.

Jicho ni shahidi mzuri wa kundi. Tusilifanye mzani.

Hadi juma lijalo, kwaherini.