Mdundo Uliotoka Bronx: Hotuba kwa Familia Zilizohama na Viongozi Wao

 

Kamati ya wakaaji imetuomba tuseme juu ya muziki ambao vijana wanaupiga jioni karibu na bomba la maji. Wazee walituuliza: ni muziki gani huu wa ngoma tupu, hauna mwimbaji, unarudia palepale kama sahani ya santuri iliyokwaruzwa? Umetoka wapi? Na tangu ugomvi wa juzi kati ya vijana wa upande wa juu na wale wa upande wa chini, wazazi kadhaa wameomba mikusanyiko hiyo ifungwe kabisa. Tutajibu kadiri tunavyojua. Lakini tuwaambie mapema kwamba sisi wa timu hii ni watu wa miaka thelathini na kitu, tumekua na muziki huu na tunaupenda. Msitutegemee kama mashahidi wasio na upande.

Muziki wenyewe unaitwa brekibiti. Jina linatokana na breki, lakini si breki ya gari, ingawa mfano wa gari unasaidia. Sikilizeni wimbo wa James Brown uitwao “Funky Drummer”, uliotolewa mwaka 1970. Unaenda na tarumbeta, gitaa na sauti ya mwimbaji. Halafu ghafula wote wananyamaza, kama watu waliokanyaga breki pamoja. Anabaki mpiga ngoma peke yake. Ni sekunde chache tu, kisha wenzake wanarudi. Kipande hicho cha ngoma peke yake ndicho breki. Brekibiti ni muziki unaotengenezwa kwa kukichukua kipande hicho na kukirudisha tena na tena, ili zile sekunde chache ziwe dakika nyingi.

Kwa Mkongomani jambo hili si geni. Wengi wetu hatukuanzia Amerika; tulianzia kwenye sebene. Mnajua wenyewe arusi zetu. Mwimbaji analia mapenzi yake dakika nne, dakika tano, watu wamekaa na vinywaji vyao. Halafu maneno yanaisha, gitaa la solo linaanza kuzunguka, ngoma zinapanda, na hata mama mkwe anasimama. Tulipokuwa watoto tulisubiri pale tu. Nyimbo zenyewe hatukuzijua majina. Tulijua mahali zinapogeuka. Bendi ya Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1969, iliacha tarumbeta na kuzileta ngoma mbele, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdundo wao wa cavacha ulienea Afrika nzima. Wenyewe walisimulia kwamba waliuokota kwenye sauti ya treni. Na Clyde Stubblefield, yule aliyepiga ngoma katika “Funky Drummer”, alikuwa akisema kwamba utotoni alijifunza midundo kwa kusikiliza viwanda na treni za mji wake wa Chattanooga. Watu wawili, mabara mawili, mwalimu mmoja wa chuma.

Mwezi wa 9 mwaka 1974 James Brown mwenyewe alikuja Kinshasa, akapiga katika tamasha kubwa lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Wazee waliokuwa Kinshasa wakati ule watakumbuka. Sisi hatukuwa tumezaliwa. Lakini tuliposikia baadaye, katika kaseti za rapu zilizonakiliwa mara kumi, zile ngoma za Stubblefield zikirudia chini ya maneno ya Kiingereza tusiyoyaelewa, tulizitambua. Tulisema: hawa nao wamekwama kwenye sebene, na hawataki kutoka.

Sasa, nani alikuwa wa kwanza kukataa kutoka? Hapa inatubidi tuende New York, katika sehemu ya mji iitwayo Bronx, na tunawaomba uvumilivu, kwa sababu habari hii inawahusu ninyi kuliko mnavyodhani.

Kuanzia mwaka 1948 serikali ya mji ule ilipitisha barabara kubwa ya magari katikati ya Bronx. Katika mtaa mmoja tu, East Tremont, familia karibu 1,500 ziliondolewa ili barabara ipite. Haikuwa vita. Walipewa barua na muda mfupi wa kuhama. Wenye uwezo wakaenda mbali. Waliobaki, na masikini wengine waliofika baadaye, wengi wao weusi na watu wa Puerto Rico, walijikuta katika nyumba ambazo wenyewe hawakuzitengeneza tena. Katika miaka ya 1970 majumba mengi yaliungua, mengine yakichomwa na wenye nyumba waliotaka pesa za bima. Kazi zikaisha. Vijana wakajiunga katika magenge, kila genge na mitaa yake na koti lake lenye alama mgongoni. Kijana hakuweza kuvuka barabara bila kuulizwa wewe ni wa nani. Swali hilo hapa kwetu halihitaji kufasiriwa.

Kati ya makundi hayo lilikuwako moja liitwalo Ghetto Brothers. Mkubwa wao aliitwa Benjamin Melendez. Kundi hili lilikuwa na bendi yake ya muziki, na lilikuwa limemchagua mtu wa kazi ya kupatanisha, Cornell Benjamin, ambaye wote walimwita Black Benjie. Tarehe 2 Desemba 1971 kulisikika kwamba makundi mengine yanakuja kupigana. Black Benjie akatoka kwenda kuongea nao bila silaha, wakampiga mpaka akafa.

Bronx nzima ilingoja kisasi. Makundi mengine yalikuja kwa Melendez na kumwambia: toa amri tu. Yeye akaenda kwanza kwa mama wa marehemu. Mama yule akasema hataki kisasi, kwa kuwa mtoto wake alikuwa mtu wa amani. Tunawaomba wazee wa kamati wakae kidogo na neno hili. Wakubwa wa magenge, wenye bunduki na mapanga, walisimamishwa na mwanamke mwenye msiba.

Tarehe 8 Desemba 1971, siku sita tu baadaye, wakuu wa makundi mengi walikaa katika ukumbi wa vijana kwenye barabara ya Hoe. Walisemana kwa ukali, wakatajana makosa mbele ya watu, kisha wakafikia mapatano. Mapatano yenyewe yalikuwa mafupi na ya kawaida sana. Mtu wa kundi hili aweza kupita katika mtaa wa kundi lile na koti lake bila kusumbuliwa, ila akumbuke yuko kwa nani. Kundi likiwa na neno dhidi ya kundi lingine, wakubwa wao wawili wakutane waongee. Watu wawili wakikosana, waongee. Wakishindwa, wapigane hao wawili peke yao na iishe pale, wenzao wasiingie. (Hili la mwisho tunalisimulia tu. Hatuji kulipanga hapa.)

Hayakumaliza kila ugomvi. Lakini yalifungua njia za miguu. Ghetto Brothers walipiga muziki wao barabarani na kuwaita waliokuwa maadui zao waje kucheza. Kijana wa mtaa wa mashariki akaweza kwenda kwenye dansi ya magharibi na kurudi nyumbani usiku. Bila hilo, yaliyofuata yangetokea wapi? Dansi isiyoweza kufikiwa ni redio tu.

Sasa ndipo anapoingia mtu wa ngoma. Clive Campbell alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1955. Alifika Bronx mwaka 1967, mtoto wa miaka 12, mgeni, akichekwa kwa jinsi anavyosema. Alikua mrefu na mwenye nguvu, wakamwita Herc, kifupi cha Hercules. Tarehe 11 Agosti 1973 dada yake Cindy aliandaa dansi katika chumba cha mikutano cha jengo walimokaa, namba 1520 barabara ya Sedgwick. Sababu yake mtaipenda, wamama: alitaka pesa ya kununua nguo za kurudi shuleni. Wasichana walilipa senti 25, wavulana senti 50. Kaka yake akapiga sahani.

Herc alikuwa na jicho. Aliona kwamba wachezaji wazuri hawachezi wimbo wote. Wanasimama ukutani, wanangoja, na breki ikifika wanaingia katikati kwa kishindo. Ikiisha wanarudi ukutani. Akafikiri: kwa nini niwape ile sehemu wasiyoitaka? Akachukua sahani mbili za wimbo uleule, akaziweka kwenye mashine mbili. Breki ikiisha upande huu, anaianzisha upande ule. Wakati huo anairudisha ya kwanza nyuma. Ngoma haziishi. Hakutengeneza chombo kipya, hakutunga wimbo. Alitazama tu watu wake wanapenda wapi, akawaongezea pale pale. Mmoja wa waliofuata njia yake, Grandmaster Flash, naye mtoto wa wahamiaji kutoka Barbados, alianza kuchora alama kwenye sahani zenyewe ili aione breki kwa macho kabla ya kuisikia.

Kwa hiyo, wazee, tukirudi kwenye ombi la kufunga mikusanyiko ya vijana. Maoni yetu ni kwamba mkiifunga, vijana watakutana gizani bila spika, na hilo ni baya zaidi. Lakini hatukubaliani pia na wageni wanaofika na vyombo vya muziki wakidhani ngoma zitaleta amani zenyewe. Ngoma hazina upande. Katika nchi yetu zimewahi kupigwa pia kuwaamsha watu kwenda kuua. Bronx mapatano yalikuja Desemba 1971, sahani za Herc zikaja Agosti 1973. Angalieni tarehe. Wakubwa walikaa kwanza.

Tunaomba basi wakubwa wa upande wa juu na wa upande wa chini wakae kabla ya dansi nyingine, sisi tutaleta chai na viti tu. Wakubaliane juu ya njia: kijana wa juu akishuka na akirudi, nani anajibu kwa usalama wake? Waamue saa ya kufunga. Na mlangoni wasiwekwe vijana wenye misuli, wawekwe wamama wawili, mmoja wa kila upande. Mtu aliyekuja na panga ataona haya kupita mbele ya mama wa rafiki yake kuliko mbele ya mlinzi.

Limebaki jambo moja, nalo ni la vijana zaidi.

Katika mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi wimbo uitwao “Amen, Brother”, uliotokana na wimbo wa kanisa. Katikati mpiga ngoma wao, Gregory Coleman, anabaki peke yake sekunde kama 7. Sekunde hizo ni kati ya zilizochukuliwa na watu wengi kuliko zote duniani. Miaka ya 1990 vijana wa Uingereza, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Karibea, walizikatakata na kuziharakisha wakatengeneza muziki mzima uitwao jungle. Ule mnaoupiga pale bombani, ule wa mbio, ndio huo. Watu walipata mali. Coleman hakulipwa kitu kwa hizo sekunde, akafa mwaka 2006 akiwa hana nyumba. Mkuu wa bendi, Richard Spencer, alipata pauni 24,000 mwaka 2015, nazo zilikuwa mchango wa wapenzi wa muziki, si malipo ya haki. Hata Herc alikuwa akibandua karatasi za majina kwenye sahani zake ili wapinzani wasijue anapiga nini. Ulikuwa ujanja mzuri wa kazi, lakini mpiga ngoma ndiye aliyepotea.

Tunasema hivi kwa sababu mwezi uliopita wawili kati yenu mlimrekodi mzee wa upande wa juu akipiga ngoma za msiba wa kijijini kwake, mkazitia katika mdundo wenu. Ni kazi nzuri sana, tumeisikiliza mara nyingi. Imeshafika kwenye simu za watu tusiowajua, na haina jina lake wala la kijiji chake. Yuko hapa, mstari wa pili, mwenye kofia ya kijani. Kabla hamjaituma tena, nendeni kwake mumwulize anataka jina lake liandikwe namna gani, na kama anakubali zile ngoma zichezewe dansi.